Bomba la aota si bomba tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mshipa mkuu wa damu, aota, ilimalizia kwamba siku hizi ukichanika mtu huwekewa bomba, basi. Hilo "basi" ndilo lililonishikisha kalamu.

Shemeji yangu, mkulima wa viazi kule Isyonje, aliwekewa bomba hilo India. Presha ya miaka mingi ilikuwa imempasua ukuta wa ndani wa aota, upande unaoshuka kifuani. (Ikichanika upande unaopanda kutoka moyoni, hilo ni jambo la kufungua kifua upesi.) Damu hujipenyeza kwenye ufa ikachimba njia ya pili ndani ya ukuta. Bomba la kitambaa lenye fremu ya waya hupitishwa kinenani hadi kifuani, likaziba ufa ili damu ifuate njia yake. Alirudi anatembea, tukachinja kuku.

Miaka miwili haijatimia, mgongo ukaanza kumuuma. Picha ya CT ikaonyesha ufa mpya, pale pale inapokomea ncha ya chini ya bomba.

Ndipo nikajua mabomba hayafanani. Waliokulia kwenye mianzi ya ulanzi watanielewa: pinda ufito mbichi, uuachie, utakuchapa. Fremu ngumu ikilazwa kwenye kona ya aota hutaka kunyooka, na kwa kila pigo la moyo ncha yake husugua ukuta ambao tayari ni dhaifu. Bomba fupi huzidisha hatari, kwani huishia karibu na kona. Refu mno nalo laweza kuziba vimishipa vinavyolisha uti wa mgongo, mtu akapooza miguu. Na upana je? Kwa aota iliyovimba, bomba huchaguliwa pana kuliko mshipa kwa asilimia 10 hadi 20 ili lishike. Kwa iliyochanika, madaktari wengi hawapendi lizidi 10, na yapo yanayochongoka kuelekea chini kwa sababu huko njia halisi ya damu imebanwa.

Sasa daktari wetu hapa Mbeya akauliza: bomba aina gani, upana gani, urefu gani? Karatasi ya kuruhusiwa ilisema tu stenti (ndilo bomba lenyewe) imewekwa, hali nzuri. Wiki tatu za simu na barua pepe, mgonjwa yuko kitandani!

Ombi langu ni kwa wanaotoa rufaa za nje: msimpokee mgonjwa bila kadi yenye aina na vipimo vya bomba, pamoja na tarehe za picha. Kwa kawaida ni baada ya mwezi, miezi 6, mwaka, kisha kila mwaka. Shemeji hakupigwa picha hata moja hadi mgongo ulipoanza kumuuma.

Ameongezewa bomba la pili. Kadi ya safari hii ninayo mimi, kabatini, pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Mkazi wa Uyole,
Mbeya