Salamu za Kwaresima kwa wanajumuiya

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu wanajumuiya, mlioko hapa Moshi na mlioko Arusha, Dar na kwingineko, poleni na majukumu. Kila mwaka kazi ya kuandika salamu hizi humwangukia katibu, na kila mwaka katibu huzichelewesha. Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, leo ndiyo naandika. Mnisamehe, msimu wenyewe ndio huu.

Mwaka umekuwa mzito. Tumezika. Ada zimetukuta mifuko imetoboka, mafuta ya kula siku hizi tunanunua ya kupima. Mama mmoja wa jumuiya aliniambia, "Katibu, sisi kufunga tulianza Januari." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Ramadhani nayo imeingia wiki ileile, majirani zetu Waislamu wamefunga, na magimbi hayashikiki.

Nije kwangu. Msalaba wa mtende wa mwaka jana ulikuwa umechomekwa juu ya mlango wa chumba cha mama. Yeye ndiye aliyekuwa akikusanya matawi ya nyumba nzima na kuyapeleka parokiani yakachomwe yawe majivu. Mama tulimzika Novemba. Safari hii niliuchomoa mimi, ukanivunjikia mkononi, nikaokota vipande kimoja kimoja na kuvifunga kwenye gazeti. Padre aliponipaka majivu sikusikia hata alichosema. Nilikuwa nalifikiria lile gazeti.

Haya, nasaha, kama ilivyo desturi. Tusifunge kwa ujanja. Kuacha nyama Ijumaa ukaagiza sato mzima wa kukaanga ni kubadilisha mboga tu. Na wanaume tunaoacha mbege, pombe yetu ya ndizi, huku tunahesabu siku za kurudi kwenye kata, tunajijua. Nabii Yoeli alisema turarue mioyo, wala si mavazi. Isaya akauliza kama kufunga si kumgawia mwenye njaa chakula chako. Ndugu yangu, unapiga magoti vituo vyote 14 vya Njia ya Msalaba, halafu ukirudi nyumbani unapita kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa mdogo wako humsalimu, kisa migomba mitatu! Unaungama kwa padre, na uliyemkosea yuko hapo ng'ambo ya mpaka anakusikia ukikohoa. Wazee wetu kabla ya kujua kitubio walijua jani la sale, mmea wetu Wachaga wa kuombea msamaha na kuwekea mipaka, linapelekwa wapi na linashikwaje. Sisi tuliobatizwa tunaling'oa usiku tukalipande hatua mbili mbele. Tutamwambia nini Mungu? Kwamba tuliacha nyama?

Nasema kwa ukali kwa sababu nayajua. Mimi na kaka yangu hatusemeshani tangu arobaini ya mama, kwa ajili ya kipande cha shamba la migomba kando ya mfereji. Aliyesogeza sale ni mimi.

Njia ya Msalaba ni kila Ijumaa saa 10 jioni. Bahasha za Kwaresima zirudi kabla ya Jumapili ya Matawi, 29 Machi, na tafadhali zisirudi tupu. Nawatakia nyote mfungo mwema, toba ya kweli na maandalizi mema ya Pasaka. Mungu awabariki, awalinde wagonjwa wetu, awapumzishe marehemu wetu kwa amani. Amina.

Jumamosi msinitafute, napanda Kibosho. Jani nimeshalikata, nimelitia kwenye ndoo ya maji lisinyauke.

Katibu wenu