Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Niliyoyaona Njiani Kwenda Mombasa

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Mahesabu ya mwaka atawasomea mweka hazina. Mimi natoa hesabu ya safari mliyonituma, mimi na katibu, kwenda Mombasa kwenye mkutano wa wakulima wa mwani wa ukanda wetu. Nauli ilitoka kwenye michango yenu, kwa hiyo niliyoyaona ni yenu.

Tulitoka Paje alfajiri, tukavuka kwa boti, tukalala Dar es Salaam kwa jamaa. Siku ya pili ikawa basi: Chalinze, Segera, Muheza. Mashamba ya mkonge yanakwenda mpaka jicho linachoka. Muheza machungwa yanauzwa madirishani, na niliponunua nikawa namuwaza aliyeyapanda, kwani bei ya shambani huipanga mwenye gari. Sisi tunalijua hilo. Tangu kilimo cha mwani kianze kwetu mwaka 1989, bei inatufikia imeshapangwa.

Mpakani Horohoro tulipanga foleni, tukagongewa mihuri, tukaingia Lungalunga. Mama muuza chai alitusikia tukiagiza tu, akauliza, "Mwatoka Unguja?" Akatuongezea mahamri mawili bila malipo.

Kanana tuliteremka, tukachukua bodaboda hadi Kibuyuni, karibu na Shimoni. Hapo naomba mnivumilie, maana ndipo safari yetu ilipolipa.

Wenzetu wa Kibuyuni wanaanika mwani juu ya chanja. Miti imesimikwa kimo cha kiuno, juu umetandazwa wavu, upepo unapita chini na juu. Bibi mmoja alichota konzi ya mwani mkavu, akaukung'utia juu ya kanga yake nyeusi, akaniita nitazame. Haikuanguka hata chembe ya mchanga. Nilinyamaza. Niliwaona nyinyi na mimi, mwani wetu chini kwenye mchanga na makuti, wingu likitanda tunaukimbilia, tunauzoa na mchanga wake. Kisha mnunuzi anakung'uta gunia, anakunja uso, anakata kilo. Hakuna kikao cha mwaka huu ambacho hatukulia na jambo hilo. Nilimweleza bibi yule tunavyofanya. Hakunicheka, alinishika mkono, akanionesha fundo walivyolifunga.

Mkutanoni mazungumzo mengi yalikuwa juu ya maji ya moto. Mwani mnene, ule wenye bei, unageuka mweupe, unalegea, unakatika kambani, na ushauri uliotolewa ni kuupanda kwenye kina kirefu. Nilisimama nikasema kwamba wengi wetu ni wanawake na hatujui kuogelea, hivyo anayetutaka tuende kwenye kina atuletee kwanza mafunzo ya kuogelea na chombo. Akina mama wa Kibuyuni walipiga makofi. Ombi hilo limeandikwa kwenye maazimio, na nitalifuatilia.

Kamati inaomba idhini yenu tujenge chanja mbili kabla ya masika. Miti iwe mivinje, mikoko tuiache isimame. Wavu mkuukuu tutawaomba wavuvi wetu. Bamvua hili, maji yanapopwa sana, tunavuna, hakuna mwenye nafasi. Maji yakiwa mafu, yasipopwa sana, tukutane pale tunapoanikia, kila mmoja na panga lake, na katibu ataleta kamba yenye lile fundo.