Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Njia ya Kufuzu WAFCON

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka 2025 ya chama chetu cha mashabiki wa soka la wanawake. Ada na mahesabu yatasomwa na Mweka Hazina. Mimi nitajikita katika swali ambalo wanachama wengi wameliuliza mwaka huu, nalo ni kwa utaratibu gani Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, imefuzu mara mbili mfululizo Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake (WAFCON), ilhali kabla ya hapo ilikuwa imeshiriki mara moja tu, mwaka 2010 nchini Afrika Kusini.

Katika kufuzu, wanaume hupangwa katika makundi ya timu nne na kila timu hucheza mechi sita. Wanawake hufuzu kwa mtoano wa raundi mbili, nyumbani na ugenini, kwa hiyo timu huweza kukata tiketi kwa mechi nne, na huweza vilevile kuaga baada ya mechi mbili tu, ikabaki muda mrefu bila mchezo wa mashindano. Baadhi ya timu za daraja la juu huanzia raundi ya pili. Sisi bado hatujafika huko.

Katika utaratibu wa namna hiyo kila bao lina uzito wake. Septemba 2023 tulifungwa 2-0 ugenini na Ivory Coast, nchi iliyokwisha kucheza Kombe la Dunia mwaka 2015, na si wachache miongoni mwetu waliokata tamaa. Katika marudiano pale uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam, dada zetu walirudisha mabao yote mawili, kisha wakashinda kwa penalti 4-2. Raundi iliyofuata tuliifunga Togo 3-0 nyumbani, tukapoteza 2-0 kwao, tukapita kwa jumla ya 3-2. Nawaomba mlitafakari lile bao la tatu, ambalo siku ile lilionekana la kunogesha ushindi tu, kwa sababu ndilo lililotupeleka Morocco bila kupitia penalti kwa mara ya pili.

Huko Morocco, katika fainali za WAFCON ya 2024 zilizochezwa Julai mwaka huu, tulifungwa 1-0 na Mali, tukatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, kisha Ghana ikatufunga 4-1. Wakati huo safari ya WAFCON ya 2026 ilikuwa imekwisha kuanza, kwani Februari tulikuwa tumeiondoa Guinea ya Ikweta, na Oktoba tukaitoa Ethiopia. Majirani zetu wa Kenya nao wameitoa Gambia na kurejea katika fainali kwa mara ya kwanza tangu 2016, jambo ambalo Kamati inawapongeza kwa dhati, utani wa jadi ukiwekwa pembeni.

Oktoba hiyohiyo Mali, iliyotufunga miezi mitatu tu nyuma, ilitolewa na Cape Verde, timu ambayo haikuwa imewahi kucheza fainali hizi. Baadaye Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliongeza idadi ya timu kutoka 12 hadi 16, na Mali ikarudishwa pamoja na Cameroon, Ivory Coast na Misri kwa kigezo cha viwango vya ubora. Nafasi kuwa nyingi ni heri, ila kwa maoni yangu ingekuwa haki zaidi idadi hiyo itangazwe kabla ya mechi kuchezwa. Uzito wa jambo hili unaeleweka tukikumbuka kwamba timu nne zitakazofika nusu fainali zitakwenda moja kwa moja Kombe la Dunia la 2027 nchini Brazil, na zitakazotolewa robo fainali zitagombea nafasi mbili za mchujo dhidi ya timu za mabara mengine.

Kwa kuwa wanachama wetu hujaza mabasi zaidi mechi inapokuwa ya kuamua, na mkondo wa kwanza tukiuanzia nyumbani huwaacha wengi majumbani, Kamati inapendekeza mambo mawili: fedha za usafiri zigharamie kila mechi ya kufuzu inayochezwa nyumbani, na chama kiiandikie TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kuomba mechi zaidi za kirafiki katika kalenda ya FIFA. Naomba mkutano uyajadili na kuyapigia kura leo.

Mwenyekiti