Sahani za bati kwenye kamba

Rotterdam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepata nafuu na mvua za vuli zimeanza vizuri. Mimi ni mzima. Tumefunga gatini tangu juzi, tunapakua soya.

Simu ilikatika uliponiuliza kwa nini nashinda nikihangaika na panya. Nakujibu hapa.

Kila kamba inayofunga meli tunaivisha sahani pana ya bati. Panya hutembea juu ya kamba kama sisi kwenye njia ya shamba, lakini akifika kwenye bati hana pa kushika, hurudi alikotoka. Wa meli hashuki, wa bandarini hapandi. Juzi usiku upepo ulilegeza mbili, nikatoka saa nane na baridi ile kuzikaza. Mkuu wa sitaha alisema ningengoja kuche. Sikuweza.

Wenzangu tauni wameisoma vitabuni tu. Mimi nimekua nikikusikia ukisimulia ilivyoingia Lushoto mwaka 1980: panya wanakufa ndani ya nyumba, kisha watu homa na mitoki, na mahindi yako darini juu ya watoto waliolala chini. Ugonjwa huohuo ulilipuka Hong Kong mwaka 1894, ukapanda meli, na 1896 ulikuwa Bombay. Panya akifa, viroboto wake hutafuta damu kwingine, na bandarini binadamu hakosekani.

Leo walikuja maofisa wa afya wa bandari, maana cheti cha usafi wa meli hudumu miezi 6 tu. Nilipiga magoti nao stoo ya jikoni, tochi mkononi, nyuma ya magunia ya mchele. Tukaona vinyesi vitatu, vyeusi, virefu kidogo kuliko punje za mchele. Mmoja wao akakiponda kimoja kwa kijiti, kikawa vumbi. Cha zamani, kibichi huwa laini na hung'aa. Hata hivyo nimenyunyiza unga sakafuni, kesho alfajiri nitatazama kama kuna nyayo.

Nimemtumia kaka pesa ya mapipa mawili ya bati yenye mifuniko. Mahindi ya msimu huu yasipande darini tena, mama, nakuomba. Na wajukuu wakikuta panya mfu wasimguse, wamwite mtu mzima.

Wasalimie wote.

Mwanao