Chanjo ya malaria itusaidie kukomesha ebiino

Ndugu Mhariri,

Chanjo ya malaria iliyozinduliwa Apac, kaskazini mwa Uganda, mwezi Aprili 2025 imewapa akina mama ratiba mpya. Mtoto akifika miezi 6 analetwa kliniki, miezi 7 analetwa tena, miezi 8 tena, kisha dozi ya mwisho akiwa na miezi 18. Naomba siku hizo tatu za mwanzo zitumike pia kwa jambo lisilohusu malaria hata kidogo: kuwakinga watoto wasichokolewe fizi kwa sababu ya ebiino, yale yanayoitwa meno ya uongo.

Hapa Busia sihitaji kueleza sana, awe msomaji ni Msamia, Mteso au mchuuzi aliyehamia juzi. Mtoto anaharisha, mwili unachemka, ziwa halitaki. Nyanya yake anampanua mdomo, anapitisha kidole na kugusa uvimbe mweupe pembeni mwa ufizi. Hayo ni meno ya uongo, anasema. (Watanzania huyaita meno ya plastiki, kwa hiyo tusidhani ni letu peke yetu.) Alfajiri mtoto anapelekwa kwa mtu mwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa. Mama anaoneshwa kitu laini, cheupe, chenye damu, na kuambiwa kwamba huyo ndiye mdudu aliyekuwa akimmaliza mwanawe.

Ni chonge ya mtoto, haijakomaa. Chonge huwa zinajengeka ndani ya ufizi miezi mingi kabla ya kuchomoza, na kwa kawaida hutokeza mtoto akiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Uvimbe ule mweupe kila mtoto mzima anao. Mtoto wa jirani asiyeharisha naye anao, ila hakuna anayemtazama kinywani.

Na kwa nini maradhi yaje wakati huohuo? Kwa sababu huo ndio umri wa kuanza uji, wa kutambaa na kuokota kila kitu sakafuni na kukitia mdomoni, wakati kinga aliyoipata kwa mama imeanza kupungua. Meno na tumbo vimekutana njiani tu. Kisha, kuharisha kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Fundi akichokoa siku ya tatu na tumbo likatulia siku ya tano, sifa zote ni zake. Mtoto akifa, watu watasema alicheleweshwa. Kazi ya namna hiyo haiwezi kukosa wateja, na wateja wenyewe si watu wa kijijini peke yao. Wenye gari na vyeti nao wamo.

Nimefanya kazi ya ukunga hadi kustaafu, na walionitia hofu zaidi ni wale walioletwa wodini siku moja au mbili baada ya kuchokolewa. Mtoto aliyekuja na upungufu wa maji sasa ana kidonda kinywani, hawezi kunyonya, kwa hiyo maji yanazidi kumtoka na hakuna yanayoingia. Damu inayomtoka ni kidogo machoni petu, lakini mwili wake ni mdogo, na mara nyingi malaria imeshaipunguza. Uchafu wa spoku na majani yanayosuguliwa juu ya jeraha huingiza vijidudu kwenye damu au mfupa wa taya. Pepopunda nayo huja kwa njia hiyo. Spoku hiyohiyo ikipita kinywani mwa mtoto wa pili bila kuchemshwa, inaweza kumwachia virusi vya ukimwi au homa ya ini aina ya B. Na homa iliyomleta, ambayo pengine ni malaria au nimonia, bado haijapimwa.

Daktari wa meno humwona mtoto huyu miaka kumi baadaye, chonge ya ukubwani imeota kilema au haikuota kabisa, na meno ya jirani yamehamia kwenye pengo. Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1969 Jens Pindborg, mtaalamu wa magonjwa ya kinywa kutoka Denmark, alichapisha habari za ukataji huu na madhara yake kwa meno nchini Uganda.

Kwa nini basi tumechelewa? Ratiba ya zamani ina pengo. Baada ya sindano za wiki ya 6, 10 na 14, mama wengi hawakurudi hadi surua, miezi 9. Katikati hapo ndipo spoku inapofanya kazi yake. Sasa chanjo ya malaria imeliziba pengo hilo katika wilaya zaidi ya 100, na mama anakaa kwenye benchi la kliniki akisubiri zamu.

Muuguzi akitumia dakika chache aoshe mikono, amwoneshe mama ufizi wa mwanawe mwenyewe na kumwambia: hili ni jino, liache, akiharisha mpe ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, mpe zinki kwa siku 10 hadi 14, endelea kumnyonyesha, na akiwa na homa mlete apimwe. Nyanya akiwepo, aoneshwe kwanza yeye, maana nyumbani neno la mwisho ni lake.

Lakini ORS na zinki ziwepo. Mama akikuta rafu tupu, halafu akagombezwa kwa kuchelewa, mara ya pili hatapita hapo. Wapo wanaotaka mafundi wakamatwe, na ni kweli Sheria ya Watoto inakataza mila zinazodhuru afya ya mtoto. Mimi sina imani kubwa na pingu. Zikianza kutembea, kazi itahamia usiku na majeruhi watafichwa. Ningeanza na redio zinazopokea pesa kutangaza waganga wa meno ya uongo mchana kweupe.

Na gazeti lako, Mhariri, liniwekee picha moja kubwa ya ufizi wa mtoto mzima wa miezi 6, uvimbe mweupe ukionekana vizuri, ili watu wa timu za afya za vijiji waikate na kutembea nayo.

Mkunga mstaafu,
Busia, Uganda