Pistoni za kufua haziponyi injini inayokosa petroli

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala ya ukurasa wa magari iliyomshauri kila anayetaka kupandisha shinikizo la turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, aanze kwa kutoa pistoni na konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na mtaimbo wa injini) za kiwandani na kuweka za kufua, yaani zilizotengenezwa kwa kugandamiza chuma cha moto. Sina ugomvi na vipuri vya kufua. Vimo ndani ya injini yangu mwenyewe. Ninachopinga ni mpangilio wa ushauri ule, kwa sababu unamwelekeza msomaji kutumia fedha nyingi mahali ambapo huenda ugonjwa haupo.

Pistoni nyingi za kiwandani ni za kusubu, yaani alumini iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu pamoja na silikoni ya kutosha ili isitanuke sana ikipata moto. Pistoni ya kufua hutokana na kipande cha aloi (mchanganyiko wa metali) kilichogandamizwa kwa nguvu kubwa kikiwa cha moto, na kwa hiyo umbile lake la ndani hushikana zaidi. Tofauti huonekana inapopigwa: ya kusubu hupasuka kama chungu, ya kufua hubonyea kwanza.

Sasa tuulize ni nini kinachoipiga. Katika injini ya turbo, mara nyingi ni kule kugonga ambako mafundi wanakujua kwa sauti: sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli ambayo moto wa plagi haujaifikia hulipuka yenyewe, na shinikizo ndani ya silinda hupanda ghafla. Chanzo huwa petroli yenye okteni (kipimo cha uwezo wake wa kuhimili kugonga) ndogo kuliko inavyohitajika, au plagi inayowasha mapema mno, au hewa inayoingia ikiwa na joto kwa sababu intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, ni dhaifu, au petroli kuwa pungufu kwa hewa iliyosukumwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondolewa na pistoni mpya.

Nayasema haya kwa uchungu. Miaka michache iliyopita, pistoni ya silinda ya tatu ya injini yangu ilivunjika ukingo unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili, yaani zile pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Fundi aliyeifungua aliniambia bila kusita kwamba pistoni ya kiwandani imeshindwa, nami nikaamini, nikanunua seti nzima ya pistoni na konrodi za kufua. Injini ilikwenda vizuri kwa muda, kisha ikaanza kupoteza nguvu na kutoa moshi, na ilipofunguliwa tena, pistoni iliyoharibika ilikuwa ya silinda ileile ya tatu, safari hii ikiwa imeyeyuka pembeni. Ndipo nozeli, zinazonyunyiza petroli, zikapimwa kwa mara ya kwanza, ikabainika kuwa nozeli ya silinda hiyo imeziba kiasi na inatoa petroli kidogo kuliko nyingine. Aloi za alumini, ziwe za kusubu au za kufua, huanza kuyeyuka kabla ya kufika nyuzi 660 za Selsiasi, na gesi inayoungua juu yake hupita nyuzi 2,000. Kipimo cha nozeli kingenigharimu sehemu ndogo sana ya bei ya seti ile.

Konrodi nazo zina habari yake, na hapa makala ilipita haraka mno. Shinikizo la turbo huigandamiza konrodi, na mzigo huo hufuata toki, yaani nguvu ya kuzungusha, si nguvufarasi. Turbo ndogo inayojaa mapema, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, inaweza kuipinda konrodi ambayo ingevumilia nguvufarasi zilezile zikipatikana kwenye mizunguko 6,000. Mizunguko mingi, kwa upande wake, huivuta konrodi pamoja na bolti zake pale pistoni inapogeuka juu, na mvuto huo hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko: ukitoka 6,000 kwenda 7,500 unaongezeka kwa takriban asilimia 56, hata kama turbo haikuguswa. Anayetaka kujua kama konrodi zake zitatosha hana budi kuuliza atapata toki kiasi gani, kwenye mizunguko mingapi, na injini itaruhusiwa kufika wapi.

Vipuri vya kufua pia vina masharti yake. Pistoni za aloi ya 2618, ambayo karibu haina silikoni, hutanuka sana, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda na hupiga kelele injini ikiwa baridi. Za 4032, zenye silikoni ya takriban asilimia 12, hutanuka kidogo kuliko hizo na humfaa zaidi mwenye gari la safari fupi za kila siku. Ncha za ringi nazo lazima ziachiwe mwanya unaolingana na joto la turbo, la sivyo zitagusana, ringi itakwama, na ukingo utavunjika hata kwenye pistoni ya bei kubwa.

Anayetaka ongezeko la wastani kwenye injini iliyotoka kiwandani na turbo anaweza kubaki na vipuri vyake, akatanguliza pampu ya petroli, nozeli, intakula na programu ya injini iliyopangwa kwa vipimo. Toyota 2JZ-GTE, injini ya Supra ya mwaka 1993, ilikuwa na pistoni za kusubu, na wengi wameipandisha hadi karibu mara mbili ya nguvufarasi 280 za soko la Japani bila kuzigusa. Si kila injini ilijengwa kwa ukarimu huo. Anayelenga mashindano, au toki inayozidi sana ile ya kiwandani, afungue injini mapema na kuweka pistoni, konrodi na bolti za kufua kwa pamoja.

Ninamwomba mwandishi, atakaporudi kwenye mada hii, awaonyeshe wasomaji jinsi ya kusoma plagi na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli wakati turbo inasukuma, na awaeleze ni vipimo gani wamdai fundi kabla hajafungua hedi, kifuniko cha juu cha silinda.

Msomaji wako wa siku nyingi