Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: somo la hedhi lije kabla ya damu

Mheshimiwa Waziri,

Msichana anaweza kuchora mfuko wa uzazi, akataja sehemu zake zote na kupata alama zote za mtihani, na bado siku ya kuvunja ungo akadhani ameumia ndani. Tunaomba somo la balehe lisogezwe hadi umri wa miaka 9 au 10, na yaliyomo yabadilishwe.

Mwili wa msichana huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13. Kwa wengi dalili ya kwanza ni kifundo kigumu chini ya chuchu, mara nyingi upande mmoja kabla ya mwingine, nacho huuma kikiguswa. Asiyeambiwa mapema huona ni uvimbe wa ugonjwa. Hedhi huja miaka 2 hadi 3 baadaye, ikitanguliwa na ute mweupe kwenye chupi. Ute huo wengi huuita uchafu, wakaanza kujiosha ukeni kwa sabuni. Sabuni huua bakteria wanaoulinda uke, muwasho ukaanza, naye akaongeza sabuni.

Halafu kuna ile namba 28, siku za mzunguko wa hedhi wanazokaririshwa wasichana. Katika miaka ya mwanzo mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida, maana yai bado halipevuki kila mwezi. Aliyekaririshwa 28 hujiona mgonjwa. Hatari zaidi ni hesabu kwamba yai hutoka siku ya 14 tangu hedhi ianze: kwa kweli hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si baada ya iliyopita, hivyo mwenye mzunguko wa siku 35 hupevusha yai karibu na siku ya 21. Tena yai la kwanza laweza kupevuka kabla hata ya hedhi ya kwanza, na mimba ikaingia. “Kaeni mbali na wavulana” haimfundishi lolote kati ya haya.

Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama haijajaa. Kitambaa cha hedhi hulowekwa kwenye maji baridi, kwani ya moto hugandisha protini za damu na doa likang'ang'ania. Kisha hufuliwa kwa sabuni, kikasuuzwa mpaka maji yatoke safi, kikaanikwa juani. Hapo kwenye jua ndipo mambo huharibika. Wengi wanajua kabisa kwamba jua linatakiwa, ila juani ndiko waliko watu, basi kitambaa kibichi huishia chini ya godoro na kuota ukungu. Hilo halitibiwi kwa kumfundisha msichana peke yake. Kaka yake naye akae darasa hilohilo.

Tumbo la hedhi huuma kwa sababu mfuko wa uzazi unajikaza. Chupa ya maji ya moto husaidia. Ibuprofeni pia, ikimezwa baada ya chakula, maumivu yakianza tu. Lakini anayekosa masomo kila mwezi kwa maumivu, anayejaza pedi ndani ya saa moja au mbili, anayetoka damu zaidi ya siku 7, au aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, apelekwe kwa daktari. “Utazoea” si matibabu.

Vyoo vya shule viwe na komeo kwa ndani, maji humohumo chooni na pipa lenye mfuniko. Pasipo hayo, msichana hurudi nyumbani jioni na pedi ileile ya asubuhi, hata awe na maarifa kiasi gani.

Mwisho, wakaguzi wako waache kuuliza “Je, unajua hedhi ni nini?” Wote hujibu ndiyo. Waulize: pedi moja hukaa muda gani? Kitambaa chako unakianika wapi? Damu ikikutoka ukiwa darasani, utamwambia nani?

Ni sisi,
Wauguzi na walimu wa afya shuleni